Kona ya Mawe Meupe

Inspekta Tumpe Mwaisumo alilihamisha jalada kutoka kwenye dashibodi akaliweka kitini, akaona halijakaa sawa, akalirudisha kwenye dashibodi. Akashuka. Akatembea hadi mwisho wa lami, akarudi, akafungua mlango wa Land Cruiser kama anayetaka kupanda, akaufunga. Ng'ambo ya mtaro, watu wa Mshangano waliokuwa wakipalilia mahindi waliegemea majembe yao wakamtazama. Mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kiaskari anapimapima uwanja wa lami usio na kazi. Bila shaka walishaanza kukisia nyumba za nani zitabomolewa.

Simu ikatetemeka. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alitaka kujua kile alichotaka kujua tangu asubuhi: jalada la Kassimu Chitete litafika lini kwa wakili wa serikali. Tumpe alimjibu kuwa litafika leo, kabla ofisi hazijafungwa. Hakumwambia litafika likisema nini, maana hata yeye hakujua, na kutokujua huko kulikuwa kunamnyima usingizi tangu Jumamosi.

Kassimu mwenyewe alikuwa nyuma ya Land Cruiser, pingu mikononi, amebanana na magurudumu manne yaliyokauka matope. Alikuwa dereva wa Noah ya abiria, mtu wa Nalasi kule Tunduru. Ijumaa iliyopita alikuwa akitoka Namtumbo kuja Songea, mvua inanyesha, na kwenye kona moja karibu na njia panda ya Hanga gari lilimtoka mikononi likabiringika hadi shambani. Abiria wengine walitoka na michubuko. Mwalimu Kunegunda Mapunda, mstaafu aliyekaa nyuma ya kiti cha dereva, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Tangu siku hiyo Kassimu alikuwa na maneno yaleyale. Nyuma ya gari ilimkimbia. Tajiri wake alifunga matairi mapya mbele, na nyuma akaweka matairi vipara yaliyochongwa upya kashata, ile mikato ya kushika barabara, kwa kisu cha moto na kupakwa dawa nyeusi yang'ae. Alilalamika, akaambiwa akishindwa aache funguo. Ilikuwa hadithi nzuri, ila ripoti ya ukaguzi ilisema breki nzima, usukani mzima, matairi yote manne mazima na kashata zake za kiwandani. Ubaya mwingine ni kwamba abiria wawili walimwona mwalimu akiinama mbele kumwambia dereva jambo fulani kabla ya kona, na Kassimu hakutaka kusema aliambiwa nini. Kila aliyesoma jalada alijijibu mwenyewe: mwalimu alimwomba apunguze mwendo, naye akakaidi. Kwa mashtaka ya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, hayo yalitosha kumfunga. Zena, mkewe, alikuwa akishinda kwenye lango la kituo na chupa ya uji, akimwamkia kila askari anayepita, hata wale anaowazidi umri.

Tumpe angeshalifunga jalada hilo kama si alama za matairi. Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye kona yenyewe, akapiga picha, akapima kwa kamba. Dereva aliyesinzia haioni kona, kwa hiyo hunyoosha akaingia shambani. Aliyekimbiza mno naye hupinda usukani, lakini gari humburuza kuelekea nje. Noah hii ilikuwa imeikata kona vizuri tu. Katikati, alama za magurudumu ya nyuma zilitoka nje, zikazipita za mbele, halafu gari likageuka ubavu. Hivyo hufanya gari ambalo nyuma yake imeacha kushika barabara. Na matairi mazima hayaachi kushika barabara kwa mwendo wa sitini.

Ndiyo maana walikuwa hapa. Uwanja ulikusudiwa kuwa maegesho ya malori, ukawekwa lami, kisha ukasahauliwa kwa sababu njia ya kuufikia ilikuwa bado ya udongo. Koplo Osmund Ngonyani alikuwa ameamka mapema akaichora kona ya Hanga juu ya lami, upana wake na mpindo wake, kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Boza la maji lilikuwa limeegeshwa pembeni. Kilichobaki kilikuwa Noah ya aina ileile, ili ivishwe magurudumu yaliyotoka kwenye gari lililopinduka na iendeshwe kwenye kona ileile, kavu na mbichi, hadi ijulikane nani anasema kweli.

Noah ikaja, Osmund kwenye usukani, na pembeni yake dereva wa gari hilo wa kila siku, kijana mpole aitwaye Goodluck. Ilikuwa ya tajiri yuleyule, Ramson Haule, mwenye Noah saba zinazotoka stendi. Lililoua lilikuwa namba nne. Hili lilikuwa namba saba.

Osmund alishuka akaufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Afande, gari hili silipendi," alisema. "Usukani unanisikia, lakini nyuma hainisikii. Pale kwenye mteremko wenye matope nimekata kushoto, nyuma ikafikiria kwanza."

Tumpe alimwambia afungue nati. Osmund aliwahi kuendesha malori kabla ya kuingia polisi, na tangu hapo hakuna gari la serikali ambalo hakulisema vibaya. Siku nyingine Tumpe angemtania. Leo hakuwa na nafasi ya utani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima ya Matogoro na upepo ulikuwa umeanza kurusha vumbi machoni. Alimtuma Osmund akayapange upya mawe mawili yaliyosogea, na kazi ya kupiga jeki akaachiwa Goodluck.

Magurudumu yote manne ya namba saba yalikuwa yameshalegezwa bodaboda ilipoingia uwanjani kwa kasi na kumshusha Ramson Haule. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, koti amelitupia begani. Alimlipa kijana, akabishana naye kidogo, na kijana alipouliza kama amsubiri akamfukuza kwa mkono. Kusubiri nako hulipiwa.

Alimsalimia Tumpe kwa heshima zote, akalalamika kwa heshima vilevile. Gari lake limechukuliwa stendi bila yeye kuambiwa. Abiria wamebaki. Yeye ni raia mwema, na ripoti imeshaandikwa, sasa haya mengine ni ya nini? Tumpe akamweleza kwa kifupi kitakachofanyika: magurudumu ya namba nne yatafungwa kwenye namba saba, yatajaribiwa, kisha atarudishiwa gari lake. Ramson alisikiliza, na uso uliokuwa umekunjamana ukakunjuka. Akasema polisi wa kisasa ndio hao, wafanye kazi yao.

Kisha akafanya jambo ambalo Tumpe aliliona lakini hakulipa uzito. Alikwenda kwa Goodluck, na gurudumu la kwanza la nyuma lilipotoka, akalipokea yeye mwenyewe, akalisukuma hadi kwenye majani, akalilaza. La pili vivyo hivyo, akalilaza juu ya lile la kwanza. Shati lilipata mistari myeusi miwili. Ya mbele hakuyagusa, yalibaki kuhangaikiwa na Goodluck. Tajiri akatandika koti lake juu ya yale mawili, akaketi, akakunja nne.

Osmund alipokuja kuyashusha magurudumu ya ushahidi, Kassimu alisogea kumpisha. "Haya si matairi yangu, afande," alisema, kwa mara ya ngapi sijui. "Wallahi yangu ya nyuma yalichongwa. Haya hayakupitiwa kisu."

Tumpe alimwonyesha ubavu wa tairi. Ramson Haule hakuwa akimwamini dereva yeyote duniani. Aliamini kwamba dereva akiachwa usiku mmoja atauza tairi zima na kurudi na kipara. Kwa hiyo kila kitu chake alikipiga chapa kwa chuma cha moto. Alipiga jeki, spana, hata ndoo ya kuoshea magari. Kila tairi lilichomwa namba ya gari lake. Na hapo ubavuni, katikati ya matope yaliyokauka, ilikuwepo nne kubwa kama kiganja.

"Namba ya gari lako, Kassimu. Au unaikana?"

Kassimu aliikodolea macho, akarudi kukaa pembeni.

Wakaanza. Osmund alipakia viroba vya mchanga kwenye viti vya abiria. Akaipita kona kwanza polepole lami ikiwa kavu, kisha hamsini, kisha sitini. Noah iliinama kidogo, ikanyooka, ikatoka upande wa pili bila kugusa jiwe. Alipita tena akitikisa usukani kushoto na kulia kama anayekwepa mbuzi. Gari lilimfuata kila alikotaka.

Boza likamwaga maji hadi lami ikang'aa. Tumpe alimtoa Kassimu garini, akamsimamisha kando ya mawe, akamwuliza tena alifanya nini hasa siku ile. Kassimu alisema aliingia kona kwa sitini, katikati akaona baiskeli mbele, akaachia mafuta ghafla. Hakukanyaga breki. Tumpe akamwambia Osmund afanye hivyohivyo.

Osmund aliingia kwa sitini, maji yakaruka pande zote mbili, na katikati ya mawe meupe akaachia mafuta. Noah ilipungua mwendo kistaarabu ikatoka. Akarudia. Tumpe alikuwa akikimbia sambamba na kona, nje ya mawe, ameinama, macho kwenye magurudumu ya nyuma, akisubiri yateleze hata kidogo tu. Hayakuteleza. Akaagiza sitini na tano. Akaagiza sabini, na hapo ndipo gari lilipoanza kulegea, lakini upande wa mbele, likajisukuma nje kidogo na kuangusha jiwe moja. Nyuma haikusogea kabisa.

Kutoka kwenye kiti chake cha matairi, Ramson alipiga makofi mepesi, mara tatu hivi. Alisema kwa sauti ya mtu msibani kwamba anamhurumia kijana, lakini usingizi ni usingizi.

Tumpe alihisi aibu ikimpanda shingoni. Alikuwa amechukua gari, boza, askari na nusu siku ya serikali kuthibitisha kwamba ripoti iko sawa. Simu ilitetemeka mfukoni, hakuitoa. Aliogopa kumtazama Kassimu, na alipomtazama akatamani asingemtazama. Yule mtu alikuwa ametulia, ndiye pekee aliyetulia uwanjani hapo.

"Basi, afande," Kassimu alisema. "Niandikie kosa. Labda nilisinzia. Mtu aliyesinzia hajui kama alisinzia."

"Mwalimu alikuambia nini kabla ya kona?"

Kassimu alitikisa kichwa.

"Kama alikuambia upunguze mwendo, sema. Mahakama humsikiliza anayesema."

Alitikisa kichwa tena, akaomba arudishwe garini.

Matone ya kwanza yakaanguka, mazito, moja hapa jingine kule. Osmund alileta Noah karibu, akazima injini, akasema kinyonge kwamba kwa matairi haya hata yeye angelala usingizi na gari lingemfikisha nyumbani. Kwa kukosa la kufanya Tumpe aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akaligusa. Lilikuwa la moto na safi. Maji ya boza yalikuwa yameosha matope yote ya Hanga. Mpira umebaki mweusi kama umetoka dukani.

Si yote, lakini. Kuizunguka ile nne kulikuwa na utepe mwekundu wa udongo. Aliupitisha kidole, haukutoka. Akaukwangua kwa kucha, kucha ikakwama. Akatoa ufunguo akachokonoa, na kipande kikabanduka kikamwangukia kiganjani, kigumu, kimeiva, rangi ya kigae cha chungu. Ukikibonyeza hakimeng'enyeki. Udongo hauwi hivyo kwa kukauka juani. Huwa hivyo kwa moto.

Tumpe alichuchumaa palepale, mvua inamdondokea mgongoni, akaacha kuhangaika kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Chapa huchomwa tairi likiwa jipya na safi. Matope huja baadaye, yakaja yakaanguka, yakaja tena. Hapa mambo yalikwenda kinyume: matope yalitangulia, chuma cha moto kikaja juu yake, kikauoka udongo ukashikana na mpira. Mtu alilipaka tairi matope ili lifanane na lililopinduka, halafu akakumbuka kwamba matairi ya namba nne yana nne, akakimbilia chuma. Mtu mwingine yeyote asingehangaika na namba. Ni Ramson Haule tu ambaye asingeweza kulala akijua tairi lake halina namba, au lina namba isiyo yake.

Na nafasi aliipata. Siku ile polisi hawakuwa na gari la kuvuta. Noah iliyopinduka ilivutwa na bredauni aliyoiita tajiri mwenyewe, ikalala kwenye gereji yake, mkaguzi akaikagua kesho yake.

Tumpe alilala chali kwenye lami mbichi, akajisukuma chini ya gari, akamulika kwa simu ubavu wa ndani wa tairi lilelile. Lilikuwa limevuliwa kwenye ringi na kugeuzwa, ubavu wa nje ukawa wa ndani. Huko ndani ilikuwepo saba. Saba ya zamani, kingo zake zimelainika, vumbi la safari nyingi limejaa ndani yake.

Alitoka chini ya gari akiwa ametapakaa maji. Osmund alimwuliza kama ameanguka. Alisema hapana, akageuza macho taratibu kuelekea majanini.

Ramson alikuwa amesimama kidogo kujipangusa matone, koti amelivuta kichwani. Tairi la juu lilikuwa wazi. Ubavu wake ulikuwa mweusi, unang'aa kwa dawa, na hauna kitu. Mtu aliyepiga chapa ndoo alikuwa na tairi lisilo na namba, na muda wote huu alikuwa amelikalia.

Sasa Tumpe alijua yalipokwenda matairi ya namba nne. Tajiri hakuyatupa wala kuyaficha. Alikuwa ameyachukua mazima ya namba saba akayavisha gari bovu kwa ajili ya mkaguzi, na yale yaliyoua akayavisha namba saba, ameyageuza chapa ndani, likarudi stendi kupakia watu, maana gari lililolala haliingizi. Osmund aliliendesha kutoka mjini hadi hapa akasema nyuma inafikiria kwanza. Alisema, na bosi wake akamwona mlalamishi.

Lakini jambo moja lilikuwa bado. Ramson angeweza kusema ni fundi aliyechanganya, yeye hajui tairi zuri wala baya, yeye ni mfanyabiashara tu. Mahakamani kauli kama hiyo humfikisha mtu mbali. Tumpe alimsogelea Osmund akamnong'oneza. Osmund akamtazama, akayatazama majani, kisha akapaza sauti kumwita Goodluck. Jaribio limekwisha, magurudumu ya namba saba yarudishwe, watu warudi mjini kabla mvua haijakolea.

Ramson alisema waache tu. Fundi wake atakuja kuyachukua kwa mkokoteni.

"Mkokoteni kutoka mjini hadi huku, kwenye mvua, tajiri? Goodluck anafunga sasa hivi," Tumpe alisema.

Ilibidi apishe. Goodluck aliyasukuma magurudumu, akayafunga mahali pake, na tajiri alisimama akiyatazama, koti kichwani, uso umelowa. Noah ikashushwa kwenye jeki. Osmund akatoa viroba vya mchanga, akawasha injini. Mvua ilikuwa sasa inanyesha kweli. Mawe meupe yalionekana kama yanaelea.

Tumpe alivuta mlango wa ubavuni wa Noah, akauacha wazi.

"Panda, tajiri. Bodaboda yako imeondoka. Osmund atakupeleka hadi mlangoni kwako. Kaa hapo, nyuma ya dereva."

Ramson alishukuru, akasema atapanda Land Cruiser. Tumpe akamwambia Land Cruiser ina mahabusu, hairuhusiwi. Akasema basi atatembea.

"Kutembea kutoka Mshangano na shati hilo?"

"Napenda kutembea."

"Gari ni lako. Matairi ni yako. Dereva ni askari, hanywi na hajasinzia. Kona za kwenda mjini ni mbili tu, wala hatakimbia. Unaogopa nini?"

"Kuna utelezi," Ramson alisema.

"Juzi ulilirudisha stendi. Abiria wangapi wamekaa hapo tangu Jumamosi, kukiwa na utelezi?"

Tumpe alishika mkono wa tajiri, si kwa nguvu, akamwongoza hatua moja kuelekea mlangoni. Mtu mzima yule, mwenye Noah saba, alikaza miguu yote miwili kama mbuzi anayeingizwa machinjioni. Goodluck alikuwa amesimama na spana mkononi, akimtazama tajiri wake, halafu akalitazama gari alilolala ndani yake na kuliendesha siku zote hizo. Aliiweka spana chini polepole, akasogea mbali na gari.

"Sipandi," Ramson alisema. "Hayo matairi sipandi. Afande, kila mtu mjini hapa anachonga."

Tumpe aliuachia mkono. Akampa Osmund ishara. Koplo alijifunga mkanda, akaizungusha Noah tupu hadi mwanzo wa kona, akaingia. Hakufika sitini, hamsini pengine. Katikati ya mawe akaachia mafuta, na nyuma ikatoka. Ilitoka bila haraka, kama mlango unaofunguliwa na upepo, ikaipita mbele, ikazoa mawe meupe yote ya upande wa nje, na gari likazunguka nusu duara likasimama likitazama lilikotoka. Injini ikazimika. Osmund alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, hakushuka mara moja.

Walipolipiga jeki na kuyavua yale ya nyuma, kila mtu aliyaona. Kashata zilikuwa zimechongwa kwa mkono, zimepinda, na ndani yake nyuzi za tairi zilikuwa zinachungulia. Ubavuni kwa ndani ilikuwepo nne.

Tumpe alimfungua Kassimu pingu, akamfunga nazo Ramson. Osmund alipomwongoza kwenye Land Cruiser, tajiri alisimama kabla ya kupanda, akainama, akayatazama matairi ya nyuma ya gari la polisi. Aliporidhika akapanda.

Kassimu hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mvua inamchapa, anayatazama mawe yaliyotawanyika. Tumpe alimwendea, akamwambia amechukua namba ya Zena, wampigie sasa, aache kukaa langoni. Alikuwa na furaha na hakuona sababu ya kuificha. Alitaka kuiona na usoni kwa mwenzake.

"Aliniuliza kuhusu gari," Kassimu alisema.

"Nani?"

"Mwalimu. Kabla ya kona. Aliinama akaniuliza, 'Kassimu, mwanangu, mbona huku nyuma kunatingishika?' Alikuwa anashika kiti changu. Ningesimama pale Hanga ningewashusha. Lakini tajiri alishaniambia niache funguo." Alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Nikamwambia, 'Usiwe na wasiwasi, mwalimu, ni matairi mapya, bado hayajazoea.' Akasema ahsante. Akaachia kiti, akaegemea nyuma."

Simu ilikuwa inatetemeka tena mfukoni mwa Tumpe, na jalada lilikuwa kwenye dashibodi linasubiri. Kwa yaliyomo hadi dakika hiyo, Kassimu angelala kwake leo. Hakuna abiria aliyesikia maneno yale, na hakuna ambaye angeyauliza tena.

"Hayo uliyoniambia," alisema mwishowe, "sikukuuliza kama mpelelezi."

"Najua, afande." Kassimu aliokota jiwe moja jeupe lililovingirika hadi miguuni kwake, akalirudisha mahali lilipokuwa. "Andika. Andika na hayo."